SURA YA TANO: MAKAO MATUPU NA NJIA ZA KIPEPEO

Mtu mwenye mlimau uani mwake hana haja ya kusafiri ili aone mwanzo wa habari itakayoelezwa katika sura hii. Na ayatazame majani machanga baada ya mvua za kwanza, na aghalabu atakuta juu ya jani kitu kidogo cha rangi ya kahawia na weupe ambacho kwa dhana ya kwanza atakiita mavi ya ndege. Na lau atakuwa na subira ya kukirudia kwa siku kadhaa, ataona kwamba mavi yale yanakula, yanakua, yanajivua gamba, na hatimaye yamekuwa kiwavi mnene wa kijani ambaye, akiguswa kwa ncha ya kijiti, hutokeza nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, mithili ya mnyonge achomoaye kisu asichoweza kukitumia. Huyo ndiye mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanazuoni humwita Papilio demodocus, na ambaye tumezoea kumwona akipita juu ya paa na kuta, akivuka barabara ya lami na uwanja wa mpira, kana kwamba mji mzima umejengwa kwa ajili yake.

Na kwa kweli, kwa namna fulani, umejengwa kwa ajili yake. Chakula cha mwanawe ni mlimau, mndimu, mchungwa na jamaa zao, na miti hiyo binadamu ameipanda kila alikokaa kwa faida yake mwenyewe, asijue kwamba anampandia na kipepeo. Kwa hiyo toka ua hadi ua ni mwendo mfupi, na nafasi iliyo baina ya mti na mti ni njia tu, wala si kizuizi. Kutokana na kumwona huyu, watu wengi hudhani kwamba vipepeo wote ni hivyo, na ya kuwa madhali wana mbawa, dunia yote iko wazi mbele yao. Hasha. Makao ya kipepeo si mahali anapoonekana akiruka, bali ni mahali mwanawe apatapo kula. Na wako vipepeo ambao chakula cha wana wao hakipatikani ila katika vipande vidogo vya ardhi vilivyotawanyika kama visiwa, na baina ya kipande na kipande pana mashamba, misitu, barabara na nyumba, ambamo hamna hata jani moja la kutagia. Jinsi viumbe hao wanavyovuka, na gharama ya kuvuka, ndiyo maudhui ya sura hii. Na ili tuielewe vema yatupasa tuiage pwani yetu kwa muda, twende kaskazini ya mbali, ambako jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi kuliko mahali pengi duniani.

Visiwa vya Åland viko katika Bahari ya Baltiki, baina ya Uswidi na Ufini, na ingawa ni sehemu ya Ufini, wenyeji wake husema Kiswidi na hujitawala katika mambo yao mengi. Ni nchi ya miamba, misitu ya misonobari na mashamba madogo, na katikati ya hayo vimetapakaa viwanja vya majani makavu, vingi vyake vikiwa masalia ya malisho ya ng'ombe na kondoo wa zamani, ambavyo idadi yake ni takriban 4,000 na wastani wa ukubwa wake haufiki robo ya hekta. Mpita njia hawezi kuvishughulikia. Lakini humo humea mimea miwili, Plantago lanceolata na Veronica spicata, na hiyo ndiyo riziki ya viwavi wa kipepeo mmoja mdogo mwenye mbawa za mirabamiraba ya chungwa na kahawia, ambaye wanazuoni humwita Melitaea cinxia, nao Waingereza humwita kipepeo wa Glanville.

Jina hilo la Kiingereza lina kisa chake. Eleanor Glanville alikuwa bibi mwenye mali katika Uingereza ya karne ya 17, naye alikuwa na shauku kubwa ya kukusanya vipepeo na kuwalea viwavi wao. Alipofariki mwaka 1709, jamaa zake waliupinga wasia wake, na kwa mujibu wa maelezo ya Moses Harris, aliyeandika kitabu cha vipepeo mwaka 1766, hoja yao ilikuwa kwamba hapana mtu awezaye kushinda akiwafukuza vipepeo isipokuwa yule aliyetokwa na akili. Msomaji na aikumbuke hoja hiyo, maana tutairudia punde.

Mwaka 1991 mwanazuoni wa Kifini, Ilkka Hanski wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kumchunguza kipepeo huyu huko Åland. Hakuwa mgeni wa mambo ya makao yaliyokatikakatika, kwani tasnifu yake ya Oxford aliiandika juu ya mende wale wanaoishi katika kinyesi cha wanyama. Na fungu la kinyesi cha ng'ombe ni ulimwengu wa siku chache, leo bichi na limejaa wakazi, keshokutwa limekauka na wakazi wake hawana budi kuruka wakatafute jingine. Kiwanja cha majani hudumu zaidi ya hapo, walakini kanuni, kama alivyokuja kuona, ni ile ile.

Kipepeo wa Åland huwa na mbawa kwa majuma machache tu, mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja chini ya jani. Viwavi huanguliwa pamoja, hula pamoja, na ifikapo mwisho wa Agosti hufuma kwa nyuzi zao kiota cheupe kama pamba katikati ya majani, wakajifungia humo ndugu kwa ndugu kuingoja theluji ije na ipite. Huo ndio wakati wa hesabu. Wanafunzi hupelekwa visiwani makundi kwa makundi, nao hupita kiwanja baada ya kiwanja wameinama, pengine wamepiga magoti, wakiyapambanua majani kwa vidole, saa kwa saa, katika baridi ya asubuhi na mvua ya alasiri, mpaka mmoja wao aone kule chini ule weupe mdogo. Ndipo atiapo alama, akaandika, akasimama kuunyosha mgongo, akaendelea. Kazi hiyo imefanywa kila mwaka tangu 1993. Lile ambalo jamaa za Bibi Glanville walilidai kuwa dalili ya wazimu, leo ni kazi ya ijara.

Na hesabu hiyo ilidhihirisha nini? Ilidhihirisha, kwanza, kwamba viwanja vingi ni vitupu. Katika vile 4,000, vyenye viwavi kwa mwaka wowote ni mia chache tu, mara nyingi karibu 500, ilhali vilivyobaki vina majani yale yale, jua lile lile, na hapana mkazi hata mmoja. Pili, ilidhihirisha kwamba orodha ya vyenye wakazi haikai. Kiwanja kilichokuwa na viota kumi mwaka jana, mwaka huu hakina kitu. Na kingine kilichoandikwa "hakuna" miaka mitatu mfululizo, mara kimeandikwa "kiota kimoja". Sababu za kutoweka ni nyingi, na nyingine ni ndogo hata kuchekesha: kiangazi kikali huikausha mimea nao viwavi wakafa njaa, ng'ombe mmoja hulala juu ya kiota, vichaka huota pale ambapo mifugo haipiti tena, na jamii yenye kiota kimoja tu iko katika hatari ya bahati mbaya ya siku moja. Kila mwaka jamii kadiri ya mia hufutika namna hiyo, na kila mwaka nyingine, kwa hesabu inayokaribiana na hiyo, huzaliwa mahali patupu kwa jike mmoja aliyefika na mimba yake.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuhangaika sana kulifahamu jambo hili, kwa sababu historia yetu wenyewe imekwenda mwendo huo. Gedi ulikuwa mji wenye msikiti, kasri na visima, na katika karne ya 17 ulihamwa ukaachiwa miti. Kilwa ilisitawi ikafifia. Pate iling'ara ikazimika. Na huko huko Lamu na Mombasa na Unguja zikaendelea au zikainuka. Mtu aliyesimama Gedi siku ya mwisho angesema kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa kuwa mwambao haukuwa mji mmoja. Ulikuwa miji mingi iliyoungwa na vyombo, na pepo za kaskazi na kusi zikiwachukua watu, mbegu, maneno na elimu kutoka bandari hii hadi ile, hata mji ukifa hapa mwingine ukawa unaanza kule. Lakini tuseme kwamba vyombo vyote vingevunjwa: hapo kila mji ungalikufa kifo chake peke yake, mmoja mmoja, na pasingalikuwapo wa kuuanzisha tena.

Wanazuoni huuita mpango wa namna hiyo metapopulesheni, nasi twaweza kuuita jamii ya majamii. Aliyeuweka katika hisabati ni Mmarekani Richard Levins, ambaye aliwahi kuwa mkulima huko Puerto Rico kabla hajawa mwalimu wa chuo kikuu. Na ajabu ni kwamba mwaka 1969, alipouandika, hakutafuta njia ya kumhifadhi mdudu bali njia ya kumwangamiza, yaani mdudu mharibifu wa mazao ambaye hufutika katika shamba moja akaibuka katika jingine. Hesabu yake ilionyesha kwamba kiumbe wa aina hiyo hudumu maadamu kasi ya kuanzisha jamii mpya inaishinda kasi ya kufutika kwa zile zilizopo. Na kasi ya kuanzisha, hilo ndilo la kuzingatia, hutegemea pia idadi ya mahali patupu pa kufikia. Hanski aliichukua silaha hiyo iliyotengenezwa kwa kuua, akaifanya kipimo cha kuhifadhi, naye mwaka 2011 akatunukiwa kwa kazi yake Tuzo ya Crafoord ya Uswidi, miaka mitano kabla ya kufariki kwake.

Sasa na tumtazame msafiri mwenyewe. Ili kujua kipepeo ametoka wapi na amekwenda wapi, watafiti humnasa kwa wavu, wakamwandikia nambari ndogo juu ya ubawa kwa kalamu ya wino, wakamwachilia. Kisha hurudi siku zifuatazo kuzisoma nambari hizo, kila moja mahali ilipokutwa. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba wengi wa vipepeo hawa hawatoki kabisa katika kiwanja walikozaliwa. Wanaotoka huenda aghalabu mita mia chache. Na wale wa kilomita mbili au tatu ni wa kuhesabika. Kipepeo afikapo ukingoni mwa kiwanja chake hafanyi kama ndege aliyeazimia safari: hupinda, hurudi, hujaribu tena upande mwingine. Kama ukingo ni msitu wenye giza, huo kwake ni ukuta, naye hugeuka. Kama ni shamba lililo wazi, huenda akateleza nje bila kukusudia, na akiisha kutoka haoni dalili ya kumrudisha. Fauka ya hayo, hutoka kwa wepesi zaidi katika kiwanja kidogo, katika kiwanja chenye maua haba, na katika kiwanja ambamo vipepeo wenzake ni wachache. Kwa hiyo jamii iliyokwisha kudhoofika huzidi kudhoofishwa na wanaoikimbia, kama kijiji ambacho nyumba tatu zikihamwa, ya nne haikawii.

Na si wote wenye tabia moja. Walipowapima majike waliozaliwa katika jamii mpya, zilizoanzishwa mwaka uliotangulia mahali palipokuwa patupu, na kuwalinganisha na wa jamii kongwe, watafiti waliona kwamba wale wa jamii mpya ni wepesi zaidi wa kuruka na moto wa miili yao ni mkali zaidi warukapo. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika damu, na mojawapo ya jeni zilizohusishwa nayo ni ile iitwayo Pgi, yenye kazi katika uchomaji wa sukari ya mwilini. Maana yake si ngumu. Anayefika mahali patupu ni yule mwenye tabia ya kutoka, naye huwarithisha binti zake tabia hiyo. Kadiri miaka inavyopita wenye kutoka hutoka, na waliobaki ni watulivu waliozaa watulivu. Basi katika visiwa vile kuna kizazi cha wasafiri na kizazi cha wakaao, na kiumbe huyu huwahitaji wote wawili: asiye na wasafiri hufa mahali pake, na asiye na wakaao hupotelea njiani.

Wala kipepeo hasafiri peke yake. Nyuma yake wako nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao ndani ya watoto wake, nao pia ni wakazi wa viwanja hivyo hivyo na yawapasa wavuke. Mmoja, Cotesia melitaearum, ni mvivu wa kuruka, na kwa hiyo hupatikana tu pale ambapo viwanja vimekaribiana. Mwingine, Hyposoter horticola, ni hodari, huenda mbali, huyatafuta mayai ya kipepeo kabla hayajawa tayari, huyakumbuka yalipo, akarudi kwa wakati wake. Mwaka 1991 viwavi wa Melitaea cinxia walihamishiwa kwa makusudi katika kisiwa cha Sottunga, upande wa mashariki wa visiwa hivyo, ambako hawakuwako, ili ionekane kama wataweza kuishi. Waliishi, lakini ndani ya miili ya baadhi yao walikuwamo wana wa Hyposoter, na ndani ya baadhi ya wana hao walikuwamo wana wa nyigu mwingine mdogo zaidi amlaye nyigu, na katika miili ya Hyposoter wenyewe alikuwamo bakteria. Miaka mingi baadaye wote walikutwa wangali hai kisiwani. Mwenyeji alidhani amekaribisha mgeni mmoja, kumbe amekaribisha msafara.

Liko pia suala la damu. Jamii iliyoanzishwa na jike mmoja huwa ya ndugu, na mwaka ufuatao ndugu huoana na ndugu kwa kukosa mwingine. Mwaka 1998 Ilik Saccheri, Hanski na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jamii 42 za Åland, ambazo 7 kati yake zilifutika baina ya 1995 na 1996. Na ilionekana kwamba, hata baada ya kuzingatia udogo wa jamii na mambo mengine, zile zilizokuwa na damu ya aina moja zaidi ndizo zilizokuwa katika hatari kubwa zaidi. Katika kisiwa kidogo cha Pikku-Tytärsaari, kilicho peke yake katika Ghuba ya Ufini, jamii ya kipepeo huyu imeishi kwa vizazi vingi bila wageni, nayo imedhoofu mpaka mayai mengi hayaanguliwi. Lakini watafiti walipowapandisha na vipepeo wa kwingine, wana walirudi katika nguvu za kawaida. Kwa hiyo mgeni afikaye mahali penye wakazi tayari si mzigo, kwani huleta katika damu yao kitu ambacho wenyewe hawana tena.

Madhali kuvuka ni uhai, waungwana wa hifadhi wamejiuliza kama binadamu aweza kumrahisishia kipepeo njia. Kwa Kiswahili tunalo neno ushoroba, ambalo asili yake ni njia nyembamba baina ya nyumba, na siku hizi limekwenda porini likawa njia ya tembo. Katika eneo la Savannah River, jimbo la South Carolina huko Marekani, mtafiti Nick Haddad alitumia katika miaka ya 1990 viwanja vya mraba vilivyokatwa ndani ya msitu wa misonobari, kila kimoja mita 128 kwa 128, vingine vikiwa peke yake na vingine vikiunganishwa kwa ushoroba wa upana wa mita 32. Vipepeo wapendao mahali pa wazi, Junonia coenia na Euptoieta claudia, walihama baina ya viwanja vilivyounganishwa zaidi kuliko baina ya vile visivyounganishwa. Huyo Junonia ana jamaa zake kwetu, wale wadogo wenye doa kama jicho juu ya ubawa, watuao njiani na kufunguafungua mbawa juani. Lakini isidhaniwe kwamba ushoroba ni dawa ya kila mmoja. Uwazi ambao kwa Junonia ni mlango, kwa kipepeo wa kivulini ni ukuta.

Na hapa twarejea nyumbani. Katika misitu ya mwambao wetu yuko kipepeo aitwaye Euphaedra neophron, mwenye rangi ya buluu ya usiku na mkanda wa chungwa, ambaye huruka karibu na ardhi katika vivuli na kula matunda yaliyoanguka. Umwonapo, yuko hatua tatu mbele yako juu ya majani makavu, na ukinyanyua mguu yuko hatua sita. Huyu hapiti juu ya mapaa. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kadiri ya 420, ndio pande kubwa lililosalia la misitu ya namna yake. Vingine ni vipande, na miongoni mwake zimo kaya za Wamijikenda, zilizotawanyika kwa takriban kilomita 200 za pwani ya Kenya na kuandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Wazee waliokataza kukata mti wa kaya hawakufanya hivyo kwa ajili ya vipepeo, bali kwa ajili ya makaburi na maombi; walakini matokeo ni kwamba walihifadhi visiwa, na baina ya visiwa hivyo leo pana minazi, mihogo, barabara na hoteli. Papo Gedi, kando ya magofu ya mji uliohamwa, tangu 1993, mwaka ule ule ilipoanza hesabu ya Åland, mradi wa Kipepeo umewawezesha majirani wa Arabuko-Sokoke kulea viwavi na kuuza pupa ng'ambo, hata msitu uliosimama ukawa na bei inayoonekana mkononi. Na katika Usambara ya Mashariki, msitu wa Derema uliwekwa uwe ushoroba wa kuunganisha hifadhi ya Amani na misitu jirani, na ili iwe hivyo wakulima waliokuwa wakilima iliki chini ya miti iliwabidi waache mashamba yao kwa fidia. Tusilisahau jambo hilo. Njia ya kipepeo hupita katika ardhi ya mtu, na mtu huyo ana watoto wa kulisha. Ambaye hataki kuihesabu gharama yake asijipe sifa ya mhifadhi.

Liko deni moja ambalo halionekani. Vipande vya makao vinapopunguzwa, kiumbe hafi siku hiyo. Jamii zilizopo huendelea miaka, pengine makumi ya miaka, zikifutika moja moja bila badala, na mtazamaji huendelea kusema, si huyu hapa tunamwona? Wanazuoni huliita hilo deni la kutoweka: kifo kimekwisha kuandikwa, siku ndiyo haijafika. Dawa ya deni ni kulipa, na hili hulipika kabla ya siku yake kwa kurudisha vipande vilivyopotea, au kwa kuviacha salama vile ambavyo bado viko. Mwaka 2018 ukame mkubwa uliipiga Åland, na viota vikapungua kuliko mwaka wowote tangu hesabu ilipoanza. Waliosalia walisalia kwa sababu viwanja vilikuwa vingi na havikufanana, na penye unyevu kidogo palikuwapo majani mabichi.

Kwa hiyo yatupasa tujihadhari na neno tupu. Afisa wa ardhi hufika kiwanjani, haoni kipepeo, huandika kwamba hapana kitu. Naye hakusema uongo, ila ameandika habari ya siku moja kama kwamba ni habari ya milele. Kabla ya kalamu kushuka, na aulize maswali mawili: je, chakula cha kiwavi kimo? Na je, jamii iliyo karibu iko umbali gani? Kama chakula kimo na jirani yuko mita mia chache, mahali hapo si patupu, ni nyumba ambayo mwenyewe bado yuko njiani. Bara ya Ufini nako kipepeo huyu alikuwako. Lakini viwanja vyake vya malisho vilipungua kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kikiwa kidogo mno kupiganiwa, naye akatoweka huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Huko Åland, penye viwanja 4,000 ambavyo vingi vyake kila mwaka ni vitupu, yungali anaruka.